Reli ya Papa Divine

Huku kwetu Baraka, kando ya ziwa, hakuna treni, na haijawahi kuwapo. Mtu wa Baraka akitaka kuona treni apande boti, alale juu ya magunia ya ndagala, dagaa wetu, ashuke Kalemie, na hata huko aombe Mungu aikute siku inayotembea. Lakini mimi nimeona treni ikitoka Swima, ikagusa Lweba, ikapita Baraka, ikafika Kazimia na kurudi, kabla mafuta yangu ya kukaangia mandazi hayajapata moto. Niliiona kila Jumamosi uani kwa jirani yangu, Patrice Wilondja, ambaye mtaa mzima unamwita Papa Divine kwa jina la binti yake aliyeolewa Uvira.

Patrice ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi hiyo alijifunza Kalemie akiwa kijana, kwenye karakana iliyopakana na reli, na huko ndiko ugonjwa wa treni ulikomshika. Wanaume wengine hurudi kutoka Kalemie na mke wa pili. Yeye alirudi na treni kichwani, akakaa nayo miaka mingi bila kumwambia mtu.

Lakini kabla ya treni kulikuwa na nyumba, na bila kuijua nyumba hiyo hutaelewa lolote. Patrice alikimbia vita mara mbili. Mara zote mbili alivuka ziwa kwenda Tanzania akiwa na godoro kichwani, mkewe Georgette nyuma yake na sufuria, mtoto mgongoni. Waliporudi mara ya pili walikuta kiwanja kitupu. Akafyatua matofali mwenyewe, akajenga mwenyewe, hatua chache kutoka ziwani. Siku alipopigilia bati la mwisho tulikuwepo majirani tunakunywa chai, akasema mbele yetu sote: "Mi nilikimbia mara mbili. Ya tatu hapana. Godoro haitapanda tena juu ya kichwa yangu."

Tulimpigia makofi. Georgette hakupiga, alikuwa anagawa sukari. Georgette si mtu wa maneno mengi. Akisema ndiyo ni ndiyo, na akisema hapana usipoteze mate kumuuliza tena. Mimi ni kinyume chake, mnanisikia wenyewe, na labda ndiyo sababu tumeelewana.

Treni ilianza kiangazi kimoja kazi zilipopungua. Reli alizitengeneza kwa nondo nyembamba, akazichomelea juu ya vipande vya bati nene. Magurudumu yalikuwa ruloma, beringi za zamani, kila moja limechomelewa duara la chuma pembeni ili lisiteleze nje. Kichwa cha treni kilikuwa bidoni, dumu la bati la mafuta ya kupikia, ndani mna mota iliyokuwa inafuta kioo cha lori fulani, na behewa la nyuma lilibeba batri ya pikipiki. Mbele akafunga honi ya pikipiki hiyohiyo. Ikifika mwisho inagonga ubao, swichi inageuka, treni inarudi kinyumenyume. Mume wangu aliiangalia siku ya kwanza akasema mtu huyu angekuwa na akili nusu ya hiyo kwenye biashara, tungekuwa tunamsalimia kwa magoti.

Tabu ilikuwa moja. Treni ile ilikuwa nzito na haikuweza kupanda hata kilima cha kuku. Uwanja wao unateremka kuelekea ziwani, kwa hiyo ilibidi reli yote iwe sawasawa. Patrice alipima kama waashi wanavyopima, kwa mpira mrefu unaoonyesha ndani, umejazwa maji: maji ya ncha hii na ya ncha ile husimama kimo kimoja, hayajui kusema uongo. Alianzia kwenye ngazi ya mlango wa nyumba yake, ndipo ilipokuwa stesheni ya Swima. Georgette alishika ncha nyingine, akateremka nayo kiwanja kizima mpaka upande wa ziwa, ilipowekwa Kazimia. Huko chini Patrice alijenga tuta la mawe na udongo ili reli ifikie kimo cha ngazi. Ilipokamilika, reli na kizingiti cha mlango vilikuwa kimo kimoja, na kwenye kiwanja kile watu wawili tu ndio waliolijua hilo kwa mikono yao.

Kisha ziwa likaanza kupanda.

Nyinyi mlio mbali mlisikia redioni. Sisi tuliona kwa miguu. Msimu wa kwanza wa mvua maji yalikula njia ya wavuvi. Msimu uliofuata yalifika kwa mama Constance, aliyekaa kati yetu na ufuko. Akang'oa mabati yake na milango yake, akahama. Wazee wakasema ziwa liliwahi kupanda hivi zamani, na likarudi. Patrice alilishika neno hilo akalilalia. Hata choo chao kilipobomoka, Georgette akawa anakuja kwangu, yeye aliendelea kusema litarudi.

Jioni moja Georgette alimwambia mbele yangu, tukiwa tunachambua sombe, majani ya mihogo: "Papa Divine, tuhame. Kaka yangu iko na parsele ya kujenga kule juu, njia ya Fizi. Alishasema tukuje."

"Ziwa itarudi."

"Maji haina bunduki. Kuikimbia si aibu."

Patrice alitazama mlango wake, ule alioutengeneza kwa chuma kizuri chenye maua. Georgette akaweka kisu chini.

"Sawa. Tukubaliane hivi. Kila siku ya posho, kila Jumamosi, upitishe treni yako. Ikipita yote, Swima mpaka Kazimia na kurudi, tunabakia, na mi sisemi kitu. Siku itashindwa, tunafunga bintu, tunahama, na we hautasema kitu. Mama Eddy iko hapa anasikia."

Mama Eddy ni mimi. Nilisikia, na nilielewa ujanja wake. Maji yakifunika reli, yamefika mlangoni. Hakuhitaji kubishana na mume, alimwachia treni ibishane naye. Patrice alikubali haraka, hata akacheka. Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge, na yeye alikuwa ameshavua.

Majuma kadhaa treni ilipita vizuri. Kila Jumamosi Georgette alitoka na mkeka wake, akakaa, akaitazama mpaka irudi, akakunja mkeka. Kisha maji yakaanza kulamba tuta la Kazimia, na hapo ndipo Patrice alipoanza kile alichokiita kutengeneza muzuri.

Alileta mawe. Akainua reli nzima, kutoka Swima hadi Kazimia, kiasi cha kiganja. Juma lililofuata akainua tena. Mawe yalipoanza kusombwa, akachomelea miguu ya chuma, akajenga madaraja. Na yalikuwa madaraja kweli, sitaki kumnyima haki yake. Daraja la Lweba lilikuwa na vyuma vilivyopishana pembeni kama yale makubwa, limepakwa rangi ya fedha iliyobaki baada ya kupaka mlango wa kanisa. Jumapili watu walipita kuangalia. Walitoka mitaa ya mbali, walivua viatu, wakasimama ndani ya maji ya kifundo wakisifu treni isiyoguswa na maji. Hakuna aliyegeuka kuitazama nyumba.

Mimi nilimuuliza, mdomo wangu hauna kufuli: "Papa Divine, ukipandisha reli, nyumba nayo inapanda?"

"Mama Eddy, angalia mafuta yako. Inaungua."

Na kweli yalikuwa yanaungua.

Nikamfuata Georgette. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake, maana yeye sikuona kama anayo. Nikamwambia: "Unaona bwana yako anachofanya? Anakudanganya mchana kweupe."

"Ninaona. Ni mi nilishika mupira."

"Sasa?"

"Tulisema treni ikipita. Hatukusema reli ibakie chini." Alifunga kitenge chake vizuri. "Na yeye anajua kama mi ninajua."

Nilirudi kwangu nikamwambia mume wangu wale wawili wamerogwa. Akasema hapana, wameoana.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne niliamka nikakuta maji yamefika kwenye mti wangu wa mpapai. Sikuwasha moto. Nilichukua beseni, nikavuka kwenda kwao kusaidia kubeba vitu, kwa kuwa nilijua kiwanja chao kiko chini ya changu. Maji yalinifika chini ya goti. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, na ndani ziwa lilikuwa limeshakaa kama mgeni asiye na adabu. Sandali moja ilikuwa inaelea chini ya meza. Gunia la mihogo lilikuwa juu ya meza. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, na Georgette alikuwa amekaa juu yake, miguu ndani ya maji, sahani ya maharage mapajani, anachambua.

"Mama Divine, tunaanza na nini?" nikamuuliza.

"Tunangojea treni ipite kwanza."

Nilidhani anatania. Georgette hatanii. Patrice alikuwa nje. Alituona, akatazama beseni langu. Akachukua kichwa cha treni kutoka kwenye rafu, akakifuta, akaunganisha batri, akakiweka kwenye stesheni ya Swima, ambayo sasa ilisimama juu ya miguu ya chuma mbele ya mlango. Akabonyeza honi.

Treni ikaondoka. Ikapita juu ya daraja la Lweba, maji chini yake yametulia, ikapita Baraka, ikafika Kazimia ambako sasa kulikuwa na ziwa tupu na matete yanayoelea. Ikagonga ubao, swichi ikageuka. Ikarudi kinyumenyume, kavu kabisa, mpaka mlangoni. Sijawahi kuiona ikienda vizuri namna ile, na nilitamani kuipiga teke.

Georgette aliitazama mpaka iliposimama. Akaweka sahani kando.

"Imepita," akasema. "Tunabakia. Mama Eddy, unipe ile mbabula niweke juu ya meza, maharage ichemke."

Hakulisema kwa kejeli, na naapa kwamba hakuwa na hasira. Alisema neno lake kwa sababu lilikuwa neno lake. Nilimpa mbabula, lile jiko lake dogo la makaa. Ningefanya nini? Aliinuka, akaanza kupanga makaa, na alipopandisha mguu mmoja juu ya tofali nikaona nyayo zake, nyeupe na zimekunjamana. Alikuwa ndani ya maji tangu alfajiri.

Patrice naye aliziona. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya treni yake. Alikaa hivyo mpaka makaa yakashika moto.

Kisha akachukua nyundo kubwa ya kazi, akaenda ndani ya maji hadi daraja la Lweba, akalipiga. Halikuvunjika. Alikuwa amelichomelea yeye mwenyewe, na Patrice hajui kuchomelea vibaya. Akapiga tena na tena, rangi ya fedha ikaruka, mtaa mzima ukatoka kuangalia. Mtu alimwuliza kama amechanganyikiwa, yeye akainua nyundo tena. Hatimaye mguu mmoja ukaachia, reli ikaning'inia. Akarudi akitweta, akaiweka treni sawa pale Swima, akabonyeza honi mara ya pili. Ikaondoka na mwendo wake uleule. Ikafika Lweba, ikainama, ikaingia majini na bidoni lake na batri yake.

Georgette alikuwa ameacha makaa. Patrice akaingia ndani, nyundo bado mkononi, akamwangalia.

"Treni haikupita, Mama Divine," akasema. "Tufunge bintu."

"Sawa," Georgette akajibu.

Hakuongeza neno, na Patrice hakuongeza, kama walivyokubaliana. Georgette akakunja godoro, akalifunga kwa kamba mara mbili. Patrice akaweka nyundo juu ya meza, akaja mbele yake, akainama kidogo na kungoja, na mkewe akamtwika godoro kichwani. Mimi nilibeba mbabula, bado ina moto.