Kichwa cha Daktari

Idara ya Sanaa na Idara ya Falsafa zilikuwa ukuta kwa ukuta, na hazikupikika chungu kimoja. Mzee aliyebuni shahada ya kuzisoma zote mbili pamoja alikuwa amekwisha kustaafu, akawaachia wenzake mzigo usio na mtu wa kuubeba. Mzigo wenyewe ulikuwa msichana mmoja tu, wa mwisho kubaki katika kozi hiyo. Wanafalsafa walimwita Popo, kwa kuwa si ndege si mnyama. Wasanii walilisikia jina hilo wakalipenda, na hilo ndilo jambo pekee ambalo majirani hao waliwahi kukubaliana juu yake.

Popo hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na ni vizuri lisemwe mapema. Alikuwa na hasira za karibu na ulimi unaokata. Lakini aliyokutana nayo yangemtoa mtu yeyote kwenye ustaarabu. Asubuhi alikuwa katika karakana ya uchongaji, ambako sheria ilikuwa moja: kazi yako ikijadiliwa, unasimama ukutani na kufunga mdomo. Wenzako wataizodoa na kuipa majina, na ukithubutu kujitetea, mwalimu waliyemwita Mchongaji atakuambia kwamba kazi inayohitaji wakili ni kazi mbovu. Mchana alivuka korido kwenda kwa Daktari wa falsafa, ambako sheria ilikuwa kinyume: ukiulizwa ukanyamaza, umekubali umeshindwa. Daktari alimuuliza Popo, akakaza taya, akainua nyusi moja, akasubiri kidogo, kisha akasema, "Tuendelee. Mwenzetu amekwenda kufinyanga vyungu." Darasa likaangua kicheko.

Popo alimchukia mtu huyo. Tusimung'unye maneno, hakikuwa kinyongo cha mwanafunzi aliyepata alama mbaya. Alimchukia kwa moyo wake wote. Alikaa kiti cha mbele kila kipindi, na wengine walipoandika maelezo, yeye alichora lile taya pembeni mwa karatasi. Asiyejua angedhani ni mwanafunzi mwenye bidii.

Ulipofika wakati wa tasnifu, akaandika kwamba anayekuchukia hakuoni. Chuki, alisema, huweka kitu kingine mahali pako, na mwenye chuki hukitazama hicho tu. Alikuwa akimsema Daktari bila kumtaja. Na kwa kuwa shahada ilidai kazi ya mikono iende pamoja na maandishi, alifinyanga kichwa cha udongo, kikubwa kuliko cha binadamu, na kichwa hicho kilikuwa cha Daktari mwenyewe. Kila jioni alikifunika kwa vitambaa vibichi na nailoni kisije kikapasuka.

Jumapili moja dada yake mkubwa alipita karakana kumletea chakula, akafunua vitambaa. Dada alikuwa nesi, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Huyu nani?"

"Ndiye anayenisahihisha."

Dada alikizunguka kichwa taratibu. "Anaumwa, au amechoka?"

"Ana dharau."

"Mimi naona amechoka." Akarudisha vitambaa. "Mdogo wangu, akikufelisha? Kozi inafungwa, hakuna cha kurudia. Utoke mikono mitupu baada ya miaka yote hii, kwa sababu ya kumkomoa mtu?"

"Atanifelisha hata nikimfinyanga malaika."

Dada alikusanya vyombo akaondoka, na mlango ulibamizwa kuliko ilivyohitajika.

Mtihani ulifanyika karakana, maana kichwa hakikubebeka. Mchongaji ndiye aliyepanga viti. Alijua fika kichwa ni cha nani, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahia kozi ile. Kiti chake alikiweka mbele ya sanamu. Cha Daktari alikiweka nyuma, mgeni abaki anatazama kisogo. Daktari alikaa hapo hapo alipoonyeshwa, wala hakujisumbua kuzunguka. Kwake udongo ule ulikuwa sawa na kabati. Mchongaji naye alikuwa na nakala ya tasnifu, na alijipepea nayo.

"Unasema mwenye chuki haoni," Daktari alianza. "Ushahidi wako ni upi?"

Jibu Popo alikuwa nalo. Lakini alikuwa amesimama ukutani mwa karakana, kitambaa kibichi mkononi, mahali alipokuwa amenyamaza kwa miaka, na mdomo ukajifunga wenyewe. Daktari akainua nyusi.

"Amekubali," alisema, akaandika.

"Hapana, Daktari, jibu ninalo..."

"Hapa hatusemi mbele ya kazi," Mchongaji alimkatiza, na yeye akaandika.

Basi alikuwa ameangushwa mara mbili kabla hajapumua, na kila mmoja alimwangusha kwa kuitii sheria ya mwenzake. Alikibwaga kitambaa chini.

"Mmoja wenu hajafungua karatasi, mwingine hajaitazama kazi," alisema. "Hapo mnasahihisha nini?"

Mchongaji alicheka. "Hasa. Daktari, hebu njoo huku mbele. Nimekukalisha kwenye kisogo makusudi."

Daktari aliinuka, akazunguka, akasimama. Mchongaji alijiegemeza kitini kusubiri vituko, lakini vituko havikuja. Taya lilikuwa lake, na nyusi iliyoinuka ilikuwa yake. Lakini chini ya jicho nyama ilikuwa imelegea, na pembe ya mdomo ilikuwa imeumwa kwa ndani, kama anavyouma mtu aliyeuliza swali na kuanza kuogopa kwamba hakuna atakayemjibu. Popo aliyaweka hayo kwa sababu aliyaona. Hakuwahi kujiuliza yana maana gani.

"Hii ya chini ya jicho," Daktari alisema. "Umeiona lini?"

"Kila siku."

"Unanichukia?"

"Ndiyo, Daktari."

"Sana?"

"Sana."

"Basi tasnifu yako ni ya uongo." Aliisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa bado kwenye udongo. "Umeandika kwamba mwenye chuki haoni. Umenichukia miaka yote hii, na hakuna mtu aliyewahi kuniona hivi. Ukurasa wa mwisho unasema mtu akipatikana anayechukia na kuona, hoja yote inaanguka. Mtu huyo ni wewe. Nijibu."

Popo alitafuta jibu. Alilitafuta kweli, kwa nia ya kumtafuna nalo, na hakulipata popote.

"Sina jibu."

"Hakuna." Daktari alikata alichokuwa ameandika, akaandika upya. "Mimi nampitisha, udongo na karatasi; hoja inayosema wazi itaangushwa na nini, hiyo ni falsafa," alimwambia Mchongaji. "Na wewe soma hiyo, acha kujipepea." Mchongaji naye akakata alichokuwa ameandika. Alipofika mlangoni alimgeukia Popo. "Usidhani nimekusamehe."

Dada alikuwa akisubiri nje, mkoba kifuani. "Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Sasa kinachokuliza nini?"

Popo alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. Alikuwa amejiandaa kuonewa. Angetoka na dhuluma yake, angeishi nayo, ingemtosha maisha.

"Amenisoma, dada," alisema. "Yule mshenzi amenisoma mpaka mwisho."