Kopo la Senene Ujapani

Odeta, jirani wa Kokulinda mtaani Kiseke, Mwanza, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Justa! Wajapani wametengeneza magari yote haya, wewe unawapelekea wadudu?"

"Napeleka senene," Kokulinda akajibu. "Wadudu ni hao wanaotambaa jikoni kwako."

Alijibu kwa kiburi, lakini lile neno lilimkaa rohoni. Tiketi ilitoka kwa Midori, binti wa Kijapani aliyefundisha ushonaji Mwanza miaka miwili akiwa mpangaji wake. Sasa, Desemba 1996, alimwalika akamwone mama yake. Mhaya aende kwa watu mikono mitupu? Akachambua senene, wale panzi wa kijani wanaopendwa na Wahaya, akawakaanga, akajaza kopo la Blue Band.

Kijiji cha kina Midori kilikuwa milimani, baridi ya kugonganisha meno. Viatu vilibaki mlangoni vimepangwa vikitazama nje, kama vinangoja amri. Kokulinda akapiga magoti kumsalimu mama. Mama naye akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kokulinda amelelewa hivi: mdogo hainuki kabla ya mkubwa. Na huyu mkubwa haoneshi dalili ya kuinuka!

"Jamani, chai inapoa," Midori akawaokoa.

Mama akapokea kopo kwa mikono miwili. Hakulifungua. Akaliweka mbele ya picha ya marehemu mumewe, pembeni ya kibakuli cha wali, basi. Jioni wakala samaki, hakuna aliyelitaja. Kokulinda alitafuna bila kusikia ladha. Odeta kashinda, akawaza. Zawadi yangu wamempa asiyekula.

Asubuhi uvumilivu ukamwisha. "Midori, niambie ukweli. Nimekuaibisha kwa mama yako?"

"Umeniaibisha nini, mama? Kitu kizuri anaanza baba. Tena huku hatufungui zawadi mbele ya mgeni."

Midori akamweleza mama yake. Bibi wa watu akalichukua kopo mbio, akafungua, akanusa, akaonja mmoja, akacheka huku amefunika mdomo. Akaingia jikoni, akarudi na chupa. Ndani, panzi! Weusi, wamepikwa kwa sukari na mchuzi wa soya.

Kokulinda akashusha pumzi aliyoibeba toka Kiseke. Akatafuna mmoja.

"Watamu," akasema. "Ila maskini, nani kawatia sukari?"

Midori alipotafsiri, mama alicheka mpaka akasahau kufunika mdomo, na mkono umesharudi kwenye kopo.

"Mwambie anifungie kidogo," Kokulinda akasema. "Kuna mtu Kiseke lazima ale hawa mbele yangu."