Gunia Bichi Dirishani

Februari iliyopita stima ilipotea hapa kwetu Komarock, mchana kweupe, feni ikasimama. Joto lake usiniulize. Nikaloweka leso kwenye karai, nikaikamua kidogo na kuitundika dirishani. Mama, ambaye siku hizi anaishi nami, alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Bado tu?" akaniuliza. "Bado unamtundikia Susu?"

Susu ndivyo tulivyomwita nyanya, sisi watu wa Ukambani. Alikuja kukaa nasi Makadara baada ya babu kufariki, miaka ya sabini ikielekea kwisha, nami nikiwa msichana wa darasa la pili. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, dirisha dogo, paa la mabati. Kuanzia Januari mabati hayo yalilia ta, ta, yakitanuka kwa jua, na ndani mlikuwa kama chungu kilichofunikwa. Baba hakutaka mchezo na stima. Tukishakula tu, taa inazimwa, nami niliogopa sana giza. Susu alipokuja nikalala naye mkeka mmoja, akawa ananikuna mgongo mpaka usingizi unichukue. Vidole vyake vilinukia ugoro na majani ya kunde.

Jioni moja, tukila muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo Susu aliyapika mwenyewe na maharagwe, akamwambia Baba, "Mwanangu, nirudishe nyumbani. Hapa nitaiva."

Baba akaahidi kumpeleka mwisho wa mwezi. Nikamsihi anunue feni.

"Feni itakula stima yote," akasema, "halafu tukatiwe, tukae na mshumaa?" Mambo yakaishia hapo.

Aliyeniokoa ni jirani, mama Mwislamu mwenye duka. Mtungi wake wa maji alikuwa ameuvisha gunia, akilimwagia maji kila mara, na ukinywa humo meno yanauma kwa baridi. "Likiloa na upepo ukipita, linapoza," alinifunza, akanipa gunia tupu la sukari.

Basi nikitoka shule tu, nilikimbilia bombani, nikalilowesha, nikapanda juu ya stuli na kulitundika dirishani. Harufu ya mkonge ulioloa ilijaa chumba kizima. Wenzangu walinitania, "Niaje, mmefungua duka la sukari?" Sikuwajali. Nilikwenda kusimama mbele ya Susu na kumuuliza kama amesikia baridi.

"Baridi hii itaniua, mjukuu wangu," alinijibu, akijitanda leso mabegani. Kipaji chake cha uso kilikuwa kimelowa. Nilidhani ni matone ya gunia yamemrukia, nikawa nampangusa kwa mkono.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Baba akamuuliza anataka kusafiri lini. "Niende wapi," akasema, "na mjukuu amenitengenezea baridi?" Niliruka kwa furaha hadi nikamwaga chai. Susu akabaki, akanikuna mgongo mpaka nikampita kimo.

Nyumba zile zimebomolewa, yamesimama maghorofa. Bomba letu halipo, na yule mama wa duka sijui alihamia wapi. Nilikuwa nikimsimulia Mama haya yote, nikijisifu kidogo jinsi gunia langu lilivyomzuia Susu asiondoke, naye akatikisa kichwa.

"Lile gunia halikupoza kitu," akasema taratibu. "Lilitubania hata kale kaupepo tulikokuwa nako. Ukitoka tu kwenda kucheza, Susu analishusha apate hewa. Akikusikia unarudi, analirudisha mbio, anajifunika leso."

Nilimkumbuka vile alivyoketi, leso mabegani na kipaji kikitiririka, nami nikimpangusa jasho nikidhani ni maji yangu. Nilimpenda upya, kwa uchungu, miaka yote hii baada ya kumzika.

Stima ilikuwa haijarudi. Leso yangu ilining'inia pale dirishani, imeziba upepo wote, na Mama alikuwa ametota shingoni. Nikainuka kwenda kuitoa.

"Iache, mwanangu," akasema, akijivutia shali mabegani. "Mbona mimi nasikia baridi."