Mkono wa Klachi

Nikimsikia mtu anasema skuta ni rahisi, hata asiyejua kitu anaendesha, huwa nakasirika. Ni kweli, asiyejua kitu anaendesha. Mwambie basi anayejua pikipiki aiendeshe.

Namzungumzia Lerionka, ambaye kijiweni kwetu Ngarenaro tunamwita Baba Simaloi. Ameendesha pikipiki miaka ishirini na mbili, na nusu yetu tunaopaki pale kwenye kona ya mafundi wa vitanda vya chuma ni yeye aliyetufundisha. Mimi alinifundisha mwaka niliotoka Kondoa, hata baiskeli sijaimudu. Alikuwa mkali. Ukikosea gia alikugonga kwenye kofia ngumu, halafu akacheka peke yake. Abiria wake hawakuwa wa kuibiwa. Wapo akina mama waliokaa juani nusu saa wakimsubiri, sisi wengine tupo hapo hapo na pikipiki tumezisugua zikang'aa.

Mwaka jana lori lilimbana ukutani. Kifundo cha mguu wa kushoto kikasagika. Walikifunga kwa vyuma, kikapona, lakini hakikunjiki tena, na mguu wa kushoto ndio wa gia. Alikaa nyumbani miezi kumi akiwatazama ng'ombe wawili wa mkewe. Mtu yule aliyekuwa haishiwi utani akawa wa kuitikia tu. Nilikuwa nikienda kumwona narudi nimechoka, na siku nyingine, Mungu anisamehe, sikwenda.

Ndipo binti yake Simaloi, muuguzi huko Babati, akamletea skuta nyekundu. Haina klachi wala gia za kubadilisha kwa mguu: unavuta mafuta inakwenda, unaminya breki inasimama, na breki zote mbili ziko mikononi.

Nilikuwepo alipoijaribu mara ya kwanza kwenye kiwanja cha mpira. Alikaa wima kama karani, magoti hayana cha kubana, mguu wake mbovu ukipapasa gia kwenye ubao mtupu wa kuwekea miguu.

"Athumani, tangi liko wapi?"

"Umelikalia, Baba Simaloi."

"Nimekalia petroli?"

Tulicheka mbavu zikauma. Kisha akaondoka vizuri, akafika kwenye goli, akataka kupunguza mwendo, na skuta ikakita ghafla akabaki ameukumbatia usukani. Kwenye pikipiki mkono wa kushoto ni wa klachi. Unauminya wote, haraka, bila kufikiri, kwa sababu klachi peke yake haisimamishi kitu. Kwenye skuta mahali pale pale ndipo ilipo breki ya nyuma.

Akazoea. Wiki tatu, kila asubuhi, alizunguka kiwanja kile mpaka akawa anaandika namba nane bila kushusha mguu. Mkewe Namnyaki akanipigia simu: "Shemeji, jana amemaliza ugali wote, na amenitania." Nilifurahi siku nzima.

Kikabaki kipimo. Kijiweni kwetu mtu aliyetoka kwenye ajali harudi kwenye foleni hivi hivi. Anampakia mwenyekiti, wanapanda hadi Ilkiding'a, wanashuka, na mwenyekiti anasema mbele ya wote kama anafaa kubeba abiria au hafai. Sheria hiyo aliileta Lerionka mwenyewe, baada ya dereva mmoja kurudi mapema mno na kumvunja mama wa watu mkono. Mwenyekiti sasa ni mimi.

Tulitoka Alhamisi saa tatu asubuhi. Kupanda hakukuwa na neno. Mlima Meru ulikuwa wazi, yeye anaendesha huku anasalimia watu wa kwao kwa Kimaasai, wengine wakimpigia kelele kutoka kwenye migomba. Nyuma yake mimi nilishaanza kupanga maneno ya kumkaribisha.

Wakati wa kushuka, kwenye njia ya vumbi, wanawake wawili wenye majani ya ng'ombe kichwani walitokea shambani wakavuka. Walikuwa mbali. Breki ya taratibu ingetosha. Lakini alishtuka, mkono wa kushoto ukafunga wote, na mguu wa kulia ukapiga ubao ukitafuta breki ambayo haipo. Gurudumu la nyuma likagoma, skuta ikaserereka kwa ubavu, tukaingia mtaroni.

"Poleni jamani," wakasema wale wanawake. Walitusaidia kuinyanyua. Mimi nilichubuka kiwiko.

"Kokoto hizi," nikamwambia. "Hata mimi ningeanguka."

Alijua naongopa. Akapanda, akakunja vidole vya kushoto akavifungia kwenye mpini, visiguse breki, tukashuka hivyo pole pole kwa breki ya kulia hadi lami. Tulipokaribia Mianzini mkokoteni wa ndizi ukachomoza kutoka pembeni. Niliviona vile vidole. Vilifunguka vyenyewe, vikaruka vikaikamata breki. Skuta ikapiga mkia, ikasimama imekaa upande, na pikipiki iliyokuwa nyuma yetu ikapita karibu na goti langu huku dereva akitutukana.

Lerionka akazima injini. Akaunyoosha mkono wa kushoto mbele ya macho yangu.

"Mguu uliumia, nikasema sawa, umeumia," akasema. "Huu ni mzima, Athumani. Hauna hata kovu."

"Ni mazoea tu. Ongeza mwezi mmoja kule uwanjani."

"Uwanjani hakuna cha kunishtua. Hapa ndipo nashtuka, na nikishtuka mimi sipo, ni mkono huu tu." Akaushusha mkono. "Sasa mpaka mkono huu uzoee, nitambeba nani? Nikuulize. Mama Kauthar akitaka kwenda kliniki, utampandisha hapa?"

Mama Kauthar ni mke wangu, Sophia. Ana mimba ya miezi saba.

Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo kabisa. Mtu huyu alinipa kazi, hata mke nilimwoa kwa kazi hiyo, na nilishindwa kumpa neno moja la uongo. Alinisubiri, kisha akatikisa kichwa, akarudi kukaa nyuma, akaniachia usukani. Tuliingia kijiweni mimi nikiwa mbele.

Wenzetu walisimama wote. Wengine walishaanza kupiga honi, halafu wakaona nani anaendesha, wakaacha. Nikashuka. Nikasema: "Hafai." Nililisema kwa sauti ndogo, na Gadiel, ambaye ni mgeni hapo, akauliza, "Umesemaje?" Lerionka ndiye aliyemjibu: "Amesema sifai." Ningeweza kumrarua Gadiel.

Hatujakaa sawa, Mama Hope akafika na kikapu chake cha mboga. Huyu ni mmoja wa wale wa kusubiri juani. Miezi kumi alikuwa akipanda na yeyote huku amenuna.

"Shikamoo mama," tukamsalimia.

"Marahaba. Eh! Baba Simaloi! Umerudi!" Alikuwa anacheka kabisa. Akaiendea ile skuta, akaipapasa kiti. "Na hii ndiyo nzuri, ni ya chini, haitanisumbua magoti. Haya, tuondoke."

Niliangalia chini.

"Leo utapanda na Gadiel, mama," Lerionka akasema. Akamshika mkono akampeleka kwenye pikipiki ya Gadiel, akampokea kikapu mpaka alipokaa vizuri, akamwekea mapajani, akamwekea sawa na khanga isije ikanaswa na mnyororo.

"Kwa hiyo kesho ndiyo unaanza?" Mama Hope akauliza. "Nikungoje kesho?"

"Kesho pia utapanda na Gadiel," akamwambia.