Siku Mama Alipoongea Kutoka Mawinguni

Siku hizi nasikia watu wakibishana kama abiria waruhusiwe kupiga simu ndege ikiwa angani. Wengine wanasema ni haki yao, wamelipa tikiti. Wengine wanasema waacheni watu walale. Mimi nasema wasiruhusiwe kabisa, na sina hoja ya kitaalamu ya kutetea msimamo wangu. Nina mama tu.

Mama yangu aliongea na mtaa wetu wote wa Mangobo akiwa juu ya mawingu, enzi za Zaire, wakati hata huku chini simu zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na nyingi kati yake zilikuwa mapambo ya mezani. Sisi watu wa kawaida tulikuwa na foni. Foni ilikuwa redio ya kuongelea, na ya kwetu ilikaa nyumbani kwa fundi mmoja mwembamba mwenye abakosti moja, ile suti isiyo na tai. Aliiwasha kwa umeme wa maporomoko ya Tshopo, na umeme ukikatika akaiunganisha na betri ya gari. Ukitaka kuongea na ndugu yako Bukavu, unapanga foleni, unabonyeza kitufe, unapiga kelele, unasema "à vous", yaani zamu yako, unaachia kitufe, ndipo mwenzako ajibu. Usipoachia, hakuna wa kukujibu wala wa kukunyamazisha. Na kila aliye kwenye foleni anasikia. Ndivyo tulivyojua nani amefiwa, nani amezaa, na nani amezaa na nani.

Mwaka huo nilitaka kuolewa. Nilikuwa nimempata kijana wa watu wa mto, wa upande wa Isangi, na nilimpenda mpaka nikajionea haya. Sisi wazee wetu walitoka Maniema, na baba yangu mdogo, aliyekalia nafasi ya baba tangu baba afariki, hakuwaamini watu wa mto. Alisema wanaishi na samaki kama sisi tunavyoishi na majirani, na kwamba mtoto wa kaka yake hataenda kulala ndani ya pirogi, ule mtumbwi wao. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atajibu siku wageni wa posa watakapokuja, akapanda ndege kwenda Bukavu kununua maharage.

Wageni walipokuja mara ya kwanza, mama alikuwa bado amekwama Bukavu kwa sababu ndege haikuwa na mafuta. Wakarudi kwao. Walipokuja mara ya pili, hakuwa amefika bado, na baba mdogo akanivuta pembeni.

"Mama yako asipofika leo, mie njo nitabajibu," alisema kwa Kiswahili chetu, ambacho "ndio" ni "njo" na "wa" ni "ba". "Na jibu yangu unaijua."

Niliijua. Nilijua pia kwamba wageni wakirudishwa mikono mitupu mara mbili hawaji tena. Nilikaa jikoni nikimenya ndizi ambazo hakuna aliyeniomba nizimenye.

Kumbe mama alikuwa amepata nafasi asubuhi hiyo kwenye kindege cha mizigo, amekaa juu ya magunia yake mwenyewe. Alijua siku ya wageni ni hiyo, hivyo tangu walipopaa alianza kumwomba rubani amwitie Mangobo kwenye redio. Rubani alikataa. Alimweleza kwamba redio ya ndege ni ya ndege, si ya abiria. Mama akaendelea kuomba. Walipokuwa juu ya misitu ya Walikale rubani alikubali, si kwa huruma, bali kwa kuchoka. Akamwita fundi wetu, akamwambia atafute watu wa huyu mama, ataongea nao baada ya muda kidogo.

Fundi akamtuma mke wake. Mke huyo akaingia sebuleni kwetu akihema: "Papa, banakuita ku foni! Shemeji yako iko mu ndege, anataka kusema!"

Hapo baba mdogo akanaswa. Kwetu mgeni haachwi peke yake huku chungu kiko motoni. Ni kama kumwambia aondoke kabla ya kula. Basi akafanya alichofundishwa na wazazi wake: akawachukua wageni wote akaenda nao. Mbele alitangulia mjomba wa mchumba wangu, aliyekuwa msemaji wao, mtu wa tumbo kubwa na mwendo wa taratibu. Nyuma yake alifuata mama mkwe wangu mtarajiwa, na nyuma ya wote mimi, bila kuitwa na mtu.

Tulipojazana ndani kwa fundi, redio ikakoroma, kisha sauti ya mama ikashuka.

"Allô! Allô Mangobo! Njo mie, niko juu! Shemeji, unanisikia? Usinijibu kwanza, acha niseme!"

Alisema. Alibonyeza kitufe kama mtu anayemkaba mwizi, na hakukiachia.

"Bale bageni, usibarudishe! Na usibaambie kitu. Nitafika, nitakataa. Nitakataa mara ya kwanza, nitakataa mara ya pili, kisha nitaenda ku jiko sawa vile nimekasirika. Weye utaniita. Njo nitakubali, mara ya tatu. Batoke jasho kidogo. Batu ba mto banajua kuogelea, jasho haitabaua!"

"Citoyenne, lâchez bouton! Lâchez!" alipiga kelele fundi akimtaka aachie kitufe, ingawa alijua kuliko sisi sote kwamba hasikiki.

"Na ule tonton yao mwenye kusema, ule wa tumbo, usimupatie kiti ya marehemu. Ataivunja!"

Msemaji alikuwa amekikalia tangu asubuhi. Baba mdogo alitazama sakafu kana kwamba anatafuta mlango wa kuingilia chini. Mwishoni alinyoosha mkono achomoe nyaya za redio, lakini msemaji akamshika mkono kwa upole.

"Hapana, papa," alisema. "Kwetu, ngoma ikilia, mutu anasikia mpaka mwisho. Kuikata katikati ni kumutukana mwenye kuipiga."

Na ni kweli, watu wa mto walikuwa na ngoma zao za kusema, ambazo kijiji kimoja kilizipiga na vijiji vyote vya kando ya maji vikasikia. Kwao habari iliyosikiwa na wote haikuwa ajabu. Wakasikiliza, mikono mapajani, kama watu walio kanisani. Mimi nilitaka kufa. Nilihesabu kwamba mchumba wangu amekwisha kwenda, na aliyemfukuza ni mama yangu mwenyewe, kutoka mbinguni.

Halafu sauti ya mama ikashuka, ikawa ile ya nyumbani.

"Lakini nitakubali, shemeji. Tangu tulizika kaka yako, ule mutoto hakuimba tena. Sasa anaimba akiosha sahani mpaka zinavunjika. Nilikuwa nafikiri sitasikia tena ile sauti mu nyumba yangu. Hata balete kuku moja ya kukonda, nitakubali. Hiyo njo usibaambie. À vous!"

Hata baada ya "à vous" hakuachia. Tulimsikia akimwuliza rubani kama ana ndizi. Kisha redio ikakatika, rubani alikuwa amenyakua chombo chake.

Nililia, na sikujali nani ananiona. Sikujua kwamba mama alikuwa akinisikia nikiimba.

Maji yakimwagika hayazoleki, na baba mdogo alianza kuomba msamaha kwa lugha tatu. Msemaji akainua kiganja.

"Papa, umesikia tukijibu?"

"Hapana."

"Bon. Kwetu, ngoma yenye haikujibiwa, haijafika. Twende nyumbani tungoje mama."

Mama aliingia jioni akitokea uwanja wa ndege wa Bangboka, magunia yake nyuma ya kamioneti, gari dogo la mizigo, uso ameukunja tayari kwa kazi. Aliniuliza kwa haraka kama foni ilisikika. Alisema hakujibiwa hata neno moja, lazima ilikuwa imekufa. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaingia sebuleni. Msemaji alikuwa ameketi kwenye kigoda kidogo pembeni, magoti karibu na kidevu, na kiti cha baba kilikuwa kitupu.

Mama akakataa. Alisema binti yake si samaki wa kuvuliwa na kila mwenye wavu. Wageni wakainamisha vichwa. Msemaji akatoa kitambaa akajifuta jasho ambalo mimi sikuliona. Wakaomba tena. Mama akakataa mara ya pili, kwa sauti iliyofika kwa jirani, akakusanya kitenge chake, akaja jikoni kwangu kama aliyekasirika kweli.

Tukangoja aitwe.

Hakuna aliyeita. Baba mdogo, ambaye siku nzima ilikuwa imempiga kichwani, alikuwa amesahau kazi yake ya kumwita. Mama akanisogelea. "Baba yako mudogo amelala?" alinong'ona, na kwa mara ya kwanza nikaona hofu machoni pake. Hakuweza kurudi bila kuitwa. Wageni nao wangesimama na kuondoka, na ndoa yangu ingekufa pale, kati ya sufuria na sahani.

Ndipo tukasikia mwendo wa kandambili. Mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa amekuja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, mahali ambapo mgeni wa siku hiyo hakanyagi. Alipiga magoti nje ya kizingiti, macho chini.

"Mama," alisema, "tunajua uko mukali. Tunakuomba mara ya tatu."

Mama akanigeukia. Alikuwa anauma midomo asicheke, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Umeona?" aliniambia sikioni. "Banaogopa."

Nilimtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, aliyejua yote na asiyesema lolote.

"Njo vile, mama," nikamjibu. "Banaogopa sana."