Boksi la Vipande Mia Moja na Sabini

Siku hizi nikiona spana inang'aa nasikia kinyaa. Sisemi kwa mafumbo. Nikipita madukani Katesh nikaziona zimepangwa kwenye plastiki yake, ndogo mpaka kubwa, mate yananijaa mdomoni na wala si ya njaa. Mimi Doris, mama wa mgahawa hapa Mogitu, mtu ambaye sijafungua hata nati ya baiskeli maisha yangu yote, nimefika mahali pa kuchukia chuma. Na ngoja niseme mapema: aliyenifikisha hapo ni mimi mwenyewe.

Paskalina ni mtoto wa dada yangu. Amezaliwa kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu, kwenye nyumba ya mahindi, maharage na ng'ombe wawili wa kulimia. Wenzake wakicheza, yeye alikuwa amelala chini ya plau ya baba yake anatazama bolti zilivyoshikana. Mtoto mkimya, sijui nisemeje, wa kukutazama mikono badala ya uso. Alipomaliza kidato cha nne dada akaniletea anisaidie mgahawani. Nikamweka kwenye chapati. Jamani, chapati za yule mtoto zilikuwa soli ya kiatu. Lakini jiko langu likigoma analifungua, analipanga mezani kipande kwa kipande mbele ya wateja, na kabla chai haijapoa linawaka. Baada ya mwaka nikasema huyu nitamfungia riziki bure, aende chuo. Akaenda Babati, miaka miwili, akasomea mitambo.

Kazi yake ukiitazama utakasirika, kwa jinsi anavyokwenda taratibu. Nati haigusi kabla hajaipiga brashi ya waya na kuimwagia dizeli. Halafu anakaa. Anasubiri, na mwenye mashine anasonya pembeni. Kisha anavalisha spana, anavuta mara moja tu, nati inalegea. Aliniambia Mwalimu Gregory, aliyewafundisha pale chuoni, alikuwa hamruhusu mwanafunzi kutumia nguvu mpaka awe ametumia akili. Na spana za mwalimu huyo, anasema, zilikuwa nzito, nyeusi, mbaya kutazama, na zilianza kufanya kazi kabla yeye Paskalina hajazaliwa.

Basi akahitimu. Huku kwetu mtu akihitimu, jumuiya ya kanisani haiwezi kukaa kimya. Kamati inaundwa, michango inakusanywa, na zawadi inaingizwa ukumbini kwa kucheza, kina mama mbele, imebebwa juu kila mtu aione, na mshereheshaji anaitangaza. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Paskalina akanifuata jikoni, akaongea huku anaangalia unga.

"Mama mdogo, kama mmepanga kuninunulia vifaa, naomba spana tatu tu. Namba kumi na saba, kumi na tisa na ishirini na nne. Kuna duka Babati wanauza moja moja, zile za mafundi wenyewe."

"Tatu?"

"Tatu zinanitosha kuanzia. Nyingine nitaongeza taratibu."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Spana tatu utaziingizaje ukumbini? Utazifunga kwenye kitenge, wamama ishirini wacheze nyuma ya kitu kama vijiko? Nikawapelekea kamati. Rogathe wa kwaya akasema watu watadhani michango tumekula. Wote wakaitikia, na mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya mnada nikaenda, nikalikuta. Boksi jekundu, lina mpini, ukilifungua linapanda ngazi tatu, na ndani vipande mia moja na sabini vinameremeta. Bei ni ileile ya zile spana tatu za Babati. Mwuzaji akagonga moja kwa msumari, ikalia kama kengele, akaniambia sikia mwenyewe mama, hicho ni chuma. Nikasikia. Mimi, mpika makande, nikasikia chuma. Nikalibeba kwa bodaboda nimelikumbatia.

Sherehe ilipendeza, siwezi kukataa. Rogathe na mwenzake walilibeba wakiwa wawili, vigelegele mpaka barabarani, padri akalinyunyizia maji ya baraka. Paskalina akapiga magoti akashukuru. Akafungua, akatoa ile ya ishirini na nne, akaiweka kiganjani, akaipima uzito. Akairudisha polepole mahali pake. Nilimwona alivyoipima. Nikajiambia mtoto amezidiwa na furaha, kumbe nilikuwa najidanganya na nilijua.

Boksi likakaa chini ya kitanda. Akipata kazi ndogo, mashine ya kusaga ya mtu au trekta lililokwama, anazunguka kuazima spana kwa mafundi wengine. Iliniuma. Nikamwambia, zawadi ya watu wa Mungu unaificha chini ya kitanda, unaona haya nayo? Kesho yake akaanza kulibeba, ila nadhani alikuwa analibeba tu, halifungui.

Ndipo ikaja habari ya kijiji cha Hirbadaw. Shemeji yangu Onesphory ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji huko. Injini ya kisima chao ilikuwa inavuja, inatoa moshi mweupe, inazimika, na watu walikuwa wanatafuta fundi wa kudumu, wa kuishi na ile injini na mabomba yake mwaka mzima. Onesphory akamtaja Paskalina. Wazee wakabisha, msichana, mdogo, hatujamwona. Mwisho wakakubaliana hivi: aje aitengeneze hii, akiweza kazi ni yake.

Paskalina aliitaka ile kazi. Sijamwona akitaka kitu namna ile. Aliniambia akiwa anakanda unga, "Mama mdogo, nikipata hiyo, hizi chapati utatafuta mtu mwingine wa kuziharibu." Tukacheka wote wawili. Halafu akasema anataka kwanza kupita Babati, siku moja tu, akaazime spana kwa Mwalimu Gregory.

Nikakataa. Nilisimama na upawa mkononi nikamwambia una boksi zima, vipande mia moja na sabini, unakwenda kuombaomba kama huna kwenu? Na watu wa Hirbadaw wanywe nini hiyo siku moja? Akasema sawa. Nikaona nimefanya kazi ya mzazi, nikaongozana naye kabisa, asiende ugenini peke yake.

Tulikuta punda wamepanga foleni na madumu matupu, wanakwenda kutafuta maji mbali. Watu wengi pale kisimani, wazee wamekaa kwenye mawe wanangoja kuona. Na mimi, mdomo huu, nikawafungulia boksi. Nikawaambia limebarikiwa. Wakapita mmoja mmoja wakachungulia, wakatikisa vichwa kwa heshima.

Kifuniko cha juu ya injini kilishikwa na nati nne kubwa. Paskalina akazipiga brashi, akazimwagia dizeli, akakaa saa nzima. Wazee wakaanza kutazamana. Akachukua ile ya ishirini na nne, akavalisha nati ya kwanza, akavuta.

Mdomo wa spana ukapanuka. Nimeona kwa macho yangu haya, nilikuwa nimesimama hatua mbili. Chuma kilifunguka taratibu, mdomo ukawa mpana kuliko nati, na ulipoteleza ukaondoka na kona za nati. Akaitupa chini, akachukua nyingine, ya kichwa cha mviringo. Ikapasuka ubavuni. Akachukua soketi, kile kikombe cha kuvika nati, na mpini wake wenye meno ndani. Nati ya pili ikasogea kidogo, nikaanza kumshukuru Mungu, mara ndani ya mpini meno yakasagika, mpini ukazunguka bure, na mkono wake ukagonga ubavu wa injini. Ngozi ya vifundo ikabaki pale. Hakulia. Alifunga kidonda na kitambaa akaendelea, na ile spana ya kukaza mdomo kwa kidole, ambayo mafundi wanaiita malaya, nayo ikacheza na nati mpaka ikaimaliza. Kufika mchana nati zote nne zilikuwa duara. Takataka. Na mimi nilielewa kila kitu pale pale.

Onesphory akasogea. "Imekuwaje, binti?"

Paskalina akanitazama. Mara moja tu, akarudisha macho chini. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kusema zawadi ya wakubwa ni mbovu, na aliyeichagua amesimama mbele yake.

"Nati zimeliwa, baba. Nimekosea."

"Si tulisema," mzee mmoja akasema kule kwenye mawe.

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Neno moja lilitosha. Unajua nilisema nini? Nilikaza kitenge changu kiunoni nikasema, "Mvumilieni tu, bado anajifunza huyo."

Mtu mzima hovyo. Nilisema hivyo mtoto akiwa anavuja damu.

Jioni kamati ikakaa, wakapiga simu Babati. Asubuhi akaja fundi mmoja anaitwa Alex, kijana wa miaka kama thelathini na tano, na pikipiki, na mfuko wa turubai usiojaa hata kikapu cha sokoni. Akainama juu ya injini, akapitisha kidole kwenye nati.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Paskalina akasema.

"Ulisafisha?"

"Nilipiga brashi. Nikamwaga dizeli, nikasubiri saa nzima."

Alex akainua kichwa. "Wewe umefundishwa na Mwalimu Gregory."

"Ndiyo."

"Sasa ulitumia spana gani?"

Jana nzima hakuna aliyeuliza hilo. Paskalina akabaki anachezea kile kitambaa cha kidonda. Nikaenda mwenyewe kulileta boksi. Alex akatoa spana moja, akachomeka ncha yake chini ya mguu wa injini, akakanyaga. Ikapinda pale pale, hata hakukanyaga kwa hasira. Akaiokota na kuipitisha kwa wazee waishike.

"Hili ni bati limepakwa rangi. Mimi mwenyewe ningekula kona za hizo nati nikitumia hii. Nani alikuuzia?"

"Mimi ndiye niliyenunua," nikasema. "Aliomba tatu nzuri, nikamkatalia kwa sababu hazitaonekana ukumbini. Akataka kuazima kwa mwalimu wake, nikamkatalia tena. Na jana niliiona ikipanuka mdomo, nikanyamaza. Nikasema anajifunza."

Onesphory akakuna kichwa. Alex alizikata zile nati nne kwa tindo, kisha akatoa kwenye turubai spana moja nyeusi, imechakaa mpini, akampa Paskalina. Kulikuwa na nati nyingine sita za mabomba pembeni. Paskalina akavalisha, akavuta mara moja. Ikalegea. Akahamia ya pili. Zote sita, kwa mkono ule wenye kidonda, na wazee wakainuka kwenye mawe wakasogea kuona. Gasketi mpya, ile ya kuzuia kuvuja chini ya kifuniko, akaiweka yeye, Alex anamkabidhi tu vitu. Injini ilipowaka na maji kutoka, wamama walikimbilia na madumu na mimi nikafurahi kama dakika tano hivi.

Onesphory akaja amevua kofia. "Binti ni fundi, sote tumeona. Lakini kamati ilikaa jana jioni, tukampa kazi Alex kwa simu, wazee wameshaweka saini. Siwezi kuwarudisha kikaoni kwa jambo lililokwisha."

Jana jioni. Na mimi ningeweza kusema jana mchana.

Paskalina aliosha mikono na mchanga na sabuni ya unga, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Akaenda kwa Alex, wakaongea kidogo. Nikasikia, "Kaka Alex, unahitaji msaidizi kwenye karakana yako Babati?" na Alex akajibu kwamba wa kusafisha nati namna ile anamtafuta siku nyingi, na kwamba kwa mke wake kuna chumba. Akachukua mfuko wake wa nguo. Akaja nilipokuwa nimesimama.

"Mama mdogo, jana ungesema, hii kazi ingekuwa yangu."

Hakupaza sauti. Nikaonyesha boksi pale chini, nikamwuliza, kwa ujinga wangu, na hili je?

"Libebe wewe. Wewe ndiye uliyelitaka."

Akapanda nyuma ya pikipiki wakaondoka njia ya Katesh. Hakuniaga. Paskalina, ambaye tangu ajue kuongea hajawahi kunipita bila shikamoo.