Anafua

Babu yangu alikuwa mfua vyuma. Ukitaka kujua ugomvi wangu na wale waliokuja na bendera yao, anzia hapo. Walitaka tulimie majembe yao yaliyoletwa kwa meli, basi wakapiga marufuku ufundi wa vyuma, na kila fundi aliyekamatwa alipondwa mikono. Kaka yake babu alipondwa mbele ya watoto wake, akafa kwa vidonda.

Babu akazika nyundo na fuawe, kile chuma kizito cha kufulia juu yake, chini ya banda la kuku. Walipokuja, yeye alikuwa mtoni. Bwana mkubwa, aliyejifunza Kiswahili kitabuni akajiona bingwa, alimuuliza bibi, "Mume yako nafanya kazi gani?"

"Anafua, bwana."

Bwana akacheka mpaka akashika tumbo. Mwanamume anafua nguo! Bibi hakusema uongo hata chembe.

Babu akafanywa dobi wa kambi. Alifua magwanda yenye damu ya jirani zake, akimeza hasira. Bibi alimsihi, "Vumilia, baba watoto. Mikono unayo, mwanetu utamfundisha."

Kosa alilifanya babu mwenyewe, na mpaka leo linanikera. Bizimu ya mkanda wa bwana ilivunjika. Dobi mwingine angeurudisha ulivyo. Babu mikono ilimwasha. Akafukua nyundo, akaifua ikawa nzuri kuliko mpya.

Bwana aliigeuzageuza. "Nani tengeneza hii?"

Askari mmoja, mtu wa kwetu kabisa, akajibu kwa kimbelembele, "Si huyu dobi wako, bwana! Huyu anafua nguo, anafua na chuma!"

Bwana akaelewa, na kicheko chake cha siku ile kikamchoma. Fuawe ikaletwa, babu akalazwa mikono juu yake, bibi akapewa nyundo. Alipokataa, askari alimkanyaga mtoto wao shingoni. Mtoto akaanza kukoroma. Bibi akapiga mkono wa kulia, akapiga wa kushoto.

Mtoto yule ni baba yangu. Hakufundishwa kitu, alilima pamba ya hao hao kwa jembe la dukani, na hata msumari leo tunaagiza ng'ambo.

Nilimuuliza bibi kama babu alimlaumu.

"Hata siku moja," akasema. "Nilimlisha kwa mkono wangu mpaka anakufa. Alikuwa anafumba macho, anafungua mdomo."